Uzi wa wapanda minara ya Ulaya: ngazi zipi zinalipa jasho lake, zipi ni kujichosha bure

#1 Kisigino Chuma (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Humu tumeshajadili viza, tiketi za ndege na hoteli hadi basi. Kitu kilichonila magoti Ulaya kuliko vyote sijaona kikijadiliwa: ngazi.

Mwaka wa saba huu niko Ujerumani, nusu saa kwa treni kutoka Köln. Mgeni yeyote akitua kutoka nyumbani, kesho yake nampeleka kuliona Kanisa Kuu la Köln, na wote hufanya vilevile. Anainua uso, kofia inadondoka, anauliza, "Kule juu watu wanafika?" Wanafika. Kwa miguu yao. Ngazi 533, lifti hakuna.

Mara ya kwanza nilipanda na binamu yangu wa Mbeya. Njiani alinisimanga sana, yeye mtoto wa Loleza, mlima anaupanda na mzigo wa kuni kichwani. Kwenye ngazi ya mia na ishirini hivi nikageuka, sioni mtu. Nikarudi chini mzunguko mmoja, nikamkuta kaketi kwenye kidirisha cha mawe anajipepea na tiketi. "Kaka," akaniambia, "mlima unakupa hata pa kutazama. Hapa natazama makalio ya Mjerumani tu."

Alisema kweli. Ni jiwe lililojiviringa kama skrubu, nafasi ya mtu mmoja na nusu, na wanaopanda wanapishana humohumo na wanaoshuka. Ukikutana na mzee mwenye kitambi, mmoja wenu lazima aubusu ukuta. Ukuta wenyewe umechorwa majina ya watu wa dunia nzima. Kuna Juma pale, na sikumwandika mimi.

Panapolipa ni katikati ya safari. Unatoka kwenye lile bomba unaingia zilipo kengele, na kubwa yao inaitwa Mtakatifu Petro. Watu wa Köln wanaiita Dicker Pitter, yaani Petro Mnene. Ilisubuliwa 1923 na ina uzito wa tani 24. Chukua tembo madume wanne wakubwa uwaning'inize kwenye boriti, ndiyo hiyo. Januari 2011 ulimi wake wa chuma, kilo kama 800, ulikatika ukaanguka. Tangu nijue habari hiyo sisimami chini yake kupiga picha.

Na historia ya jengo inafariji. Jiwe la msingi liliwekwa 1248. Karne ya 16 hela na hamu vikaisha, ujenzi ukasimama, mnara wa kusini ukabaki kisiki na winchi ya mbao juu yake kwa zaidi ya miaka 300. Watoto walizaliwa na kufa wazee wakiiona winchi hiyo wakidhani ndiyo paa. Kazi ikaanza tena 1842, ikamalizika 1880, na kwa miaka minne likawa jengo refu kuliko yote duniani, mita 157. Kwa hiyo ile nyumba ya shangazi iliyokwama kwenye linta tangu 2009 msiisimange.

Sasa hoja yangu. Ukishafika kwenye jukwaa la juu, mita 97, unaona mto Rhine, stesheni, madaraja, nyavu za chuma, na usichokiona ni Kanisa Kuu la Köln. Uko ndani yake! Anayetaka picha avuke mto apande jengo la KölnTriangle, lifti inampeleka mita 103 na kanisa zima liko mbele yake. Mandhari siku hizi yanauzwa na lifti. Mnara wa mawe napanda kwa ajili ya tumbo lake: kengele, mihimili, vidato vilivyolika na nyayo, ule ubaridi wa ukuta. Mnara usio na kitu ndani nauacha.

Leteni yenu. Semeni idadi ya ngazi, kama kuna lifti, na kama mngerudi.

#2 Mchaga Mbishi

Nimekaa siti ya mbele. Ila ngazi 533 ndiyo uzi? Sisi tuliofika Uhuru tuseme nini?

#3 Kisigino Chuma

@Mchaga Mbishi mkuu, Kilimanjaro ulipewa siku sita, mpagazi na uji wa moto. Njoo hapa na viatu vya kazini, umekula mlo mzito, tuongee ukifika ya mia tatu.

#4 Mtu wa Newham

London kuna kitu kinaitwa Monument, nguzo ya mawe peke yake katikati ya mabenki. Ngazi 311, hakuna lifti, ilimalizika 1677 kukumbuka moto ulioteketeza mji 1666. Urefu wake ni mita 62 hivi, sawa na umbali kutoka pale hadi lilipokuwa duka la mwoka mikate moto ulikoanzia. Ukishuka wanakupa cheti. Kwangu kiko kwenye friji, watoto wanajua baba amesoma.

#5 Fundi Linta

Mleta uzi umenigusa penye linta, kazi yangu hiyo. Nimefika Italia mara mbili, niongee kifundi kidogo.

Firenze kuna kuba la kanisa kuu, kazi ya fundi Brunelleschi, ngazi 463. Upana wa mita kama 45, lilijengwa 1420 hadi 1436, na jamaa hakusimika jukwaa la mbao chini yake kulishikilia wakati linajengwa, jambo ambalo mafundi wenzake walimwona mwendawazimu. Alijenga makuba mawili, moja ndani ya jingine, na matofali akayapanga mengine yamelala mengine yamesimama, kama ukili wa mkeka, ili kila mstari ujibane wenyewe usidondoke kabla haujafunga duara. Sasa wewe mpandaji unapita wapi? Katikati ya makuba hayo mawili! Ukuta wa kushoto unakuinamia, wa kulia unakukimbia, na mpangilio wa matofali unauona kwa macho na kuugusa kwa kiganja. Nilisimama nikiupapasa hadi watu nyuma wakaanza kukohoa.

Kabla ya hapo unapitishwa kwenye ujia mwembamba chini ya mchoro wa Siku ya Hukumu. Mashetani ya mchoraji Zuccari yako karibu na uso wako, makubwa kuliko wewe, yanachoma watu. Ukitazama chini, sakafu ya kanisa iko mbali na watu ni punje. Mke wangu alipita pale amefumba macho, kashika mkanda wangu.

Mnara wa kengele wa Giotto uko jirani, ngazi 414, na hapo namuunga mkono mleta uzi: kuba linaonekana zuri ukiwa kwenye mnara. Mwenye siku moja achague mnara kwa picha, kuba kwa elimu. Tahadhari, kuba linapandwa kwa saa uliyopangiwa. Mara ya kwanza treni yangu ilichelewa dakika arobaini, nikafika mlangoni tiketi imeshageuka karatasi.

Pisa je? Watu wanacheka ule mnara lakini wengi hawajui ulivyopona. Walianza 1173, walipofika ghorofa ya tatu udongo laini ukaanza kubonyea upande mmoja. Vita vikawasimamisha karibu miaka mia, na hiyo ndiyo bahati yao, udongo ukapata muda wa kujikaza. Wangeendelea moja kwa moja ungeanguka. Walioendelea wakaanza kuunyoosha kadiri wanavyopanda, kwa hiyo mnara haukuinama tu, umepinda kama ndizi. 1989 mnara mwingine huko Pavia ulianguka ghafla ukaua watu wanne, serikali ikashtuka, Pisa ukafungwa 1990. Suluhisho lilikuwa la kishamba kwa maana nzuri: badala ya kuinua upande uliozama, walichokonoa udongo kidogokidogo chini ya upande ulio juu, wa kaskazini, mnara ukajilaza wenyewe kurudi karibu nusu mita. Ukafunguliwa tena Desemba 2001.

Ukipanda (ngazi hazifiki 300) mwili unachanganyikiwa. Mzunguko mmoja unavutwa kwenye ukuta wa nje, mzunguko unaofuata wa ndani, kama umepanda mashua ya Kilwa siku ya upepo. Marumaru ya vidato imelika upande ambao watu wote kwa miaka mia nane wamevutwa. Mimi hapo ndipo nililia, sitanii.

#6 Dokta Mtarajiwa

Bologna hapa. Tuna mnara wa Asinelli, mita 97, ngazi 498 za mbao zilizolika, lakini kwa sasa umefungwa tangu 2023 kwa sababu jirani yake Garisenda, ule ulioinama, ulionekana unazidi kuyumba. Nami nashukuru. Hapa kuna mwiko: mwanafunzi akiupanda kabla ya kuhitimu, hahitimu. Chuo ni cha tangu 1088, fikiria wangapi wamekwama. Sina imani za kishirikina ila shahada sijaipata, na mama yangu ameuza mbuzi.

#7 Mwana Kivu

Bandugu, miye niko Bruxelles. Tulienda Bruges na batoto, kule kuko munara ya Belfort, ngazi 366. Mutoto wangu mukubwa alihesabu zote, akasema "Papa, ni moya kwa kila siku ya mwaka mrefu." Iko kengele 47 zenye kupiga muziki. Karibu ya kufika juu inakuwa kadogo sana, na kuko kamba ya kushika. Miye na kitumbo yangu nilibakia ku ngazi ya mia mbili. Bibi yangu aliendelea. Si munasema huko kwenu: aliye juu mungoje chini? Nilimungoja na bière.

#8 Mkenya wa Baridi

Wadau, mimi ni muoga wa urefu. Hata pale juu ya ghorofa la KICC, Nairobi, nilisimama katikati kabisa nikishika mkono wa askari ambaye hatujuani. Sasa niko Copenhagen na wenzangu wa kazi wakanishawishi twende kanisa la Vor Frelsers. Wakaniambia ngazi 400, nikasema hiyo ni kitu ndogo. Hawakuniambia 150 za mwisho ziko NJE.

Nje kabisa. Mnara ni kama pembe ya swara, na ngazi inaizunguka kwa nje, wewe na reli ya chuma na upepo wa Denmark. Na kadiri unavyopanda inapungua upana. Kwanza watu wawili wanapishana, halafu mmoja, halafu mguu mmoja, halafu ngazi inaisha tu hivi, inaingia kwa chuma na hakuna mahali pa kusimama. Mtu wa mwisho anagusa, anarudi kinyumenyume. Niliacha kumi na tano hivi kabla ya mwisho. Nilikuwa nimekumbatia ile shaba kama nguzo ya nyumba yetu, nikiimba wimbo wa Sunday school kwa sauti, na Wadeni ni watu wapole, walinizunguka bila kusema kitu.

Ningerudi? Nimeshaenda tena mara mbili. Sijafika mwisho bado.

#9 Mzee Kumbukumbu

Vijana, mnapanda bila kuuliza kwa nini ngazi hizo zinapindia kulia. Wazee wa zamani walikuwa na akili: adui anayepanda na upanga mkono wa kulia anazuiwa na nguzo ya katikati, mlinzi anayeshuka ana nafasi ya kupiga. Na huyo mjenzi wa Copenhagen aliposikia amepindisha upande usio sahihi alijirusha kutoka juu.

#10 Fundi Linta

Shikamoo Mzee Kumbukumbu. Kwa heshima zote, hadithi tamu hizo. Ngome zenye ngazi za kupindia kushoto zipo nyingi tu, na adui akishafika ndani ya ngazi vita imeshaisha. Mnara wa kanisa nao unapigana na nani, na popo? Mjenzi wa Copenhagen, Laurids de Thurah, alifariki 1759, miaka saba baada ya mnara kukamilika 1752. Kama alijirusha basi alichelewa sana kutua.

#11 Mzee Kumbukumbu

Marahaba. Nimekubali la mjenzi. La upanga bado nalifikiria.

#12 Binti Mkunazini

Assalaam alaykum. Naomba msaada wa kweli, sio mzaha. Niko Uingereza, mwezi ujao bimkubwa anakuja kutoka Unguja. Ana miaka 67 na magoti yanamsumbua, lakini ni mtu wa kupenda kuona. Zamani alikuwa akitupandisha Beit al-Ajaib kutazama bahari, na tangu lile jengo lianguke upande mmoja Desemba 2020 hataki hata kupita Forodhani. Nataka nimpandishe mahala, pawe juu kweli, lakini ngazi hawezi. Nimeona Sagrada Família ya Barcelona kuna lifti. Inafaa?

#13 Nesi wa Zamu

@Binti Mkunazini dada, kule lifti inakupandisha, kushuka ni kwa miguu kwenye ngazi za konokono, mamia. Kwa magoti ya mama hilo ndilo baya zaidi. Kupanda kunachosha moyo na mapafu, kushuka ndiko kunakobana goti. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Wengine wote humu: kwenye ngazi za mzunguko shukeni upande wa nje ambako kidato ni kipana, mkono mmoja ukutani, simu mfukoni.

#14 Mkenya wa Baridi

Mlete huku! Kuna Rundetårn, mnara wa mviringo wa 1642, karibu hauna ngazi. Ni njia ya matofali inayozunguka mara saba na nusu, mita 209 za mteremko wa pole, kwa sababu kulikuwa na maktaba na kituo cha kutazama nyota na walitaka kuvusha vitabu na vyombo vizito. Mfalme Petro Mkuu wa Urusi aliupanda na farasi mwaka 1716. Mwishoni tu ndiyo kuna ngazi chache nyembamba. Lakini ni mfupi, mita 35 hivi.

#15 Kisigino Chuma

@Binti Mkunazini mpeleke Sevilla, Hispania. Giralda.

Ule ulikuwa mnara wa msikiti. Waislamu wa dola ya Muwahidun waliujenga mwishoni mwa karne ya 12, ukakamilika 1198. Mwadhini alikuwa anapanda mara tano kwa siku, na ngazi mara tano kwa siku ni mateso, wakajenga njia za mteremko 35 zinazozunguka ndani, apande juu ya mnyama. Ni pana, zina madirisha njiani, na kila moja ina namba ukutani kwa hiyo mama atajua amebakiza ngapi. Mwishoni kabisa ndiyo kuna ngazi 17. Sehemu ya juu yenye kengele iliongezwa karne ya 16, ya chini yote ni ile ile ya Waislamu. Ua wa michungwa ulio pembeni ndio uliokuwa ua wa msikiti, watu walitawadha pale. Una dada zake Morocco: Kutubia wa Marrakech na Hassan wa Rabat ambao haukumalizika.

Tiketi ya kanisa kuu inajumuisha mnara. Nendeni asubuhi, joto la Sevilla si la mchezo hata kwa mtu wa Unguja.

#16 Mzee Kumbukumbu

Niongeze. Sevilla iliangukia mikononi mwa Wakristo Novemba 1248. Mleta uzi amesema jiwe la Köln liliwekwa 1248. Mwaka mmoja, huku wanaanza kanisa, kule wanabadilisha mwenye mnara.

#17 Mchaga Mbishi

Nimepita kwenye Köln jana, nilikuwa na safari ya kikazi. Sisemi nimefika wapi. Kidirisha cha mawe cha binamu yako nimekiona.

#18 Kisigino Chuma

Hahaha. Karibu mkuu. Makalio ya nani?

#19 Binti Mkunazini

Assalaam alaykum, narudi kutoa mrejesho. Alhamdulillah tumekwenda.

Mlangoni bimkubwa alinitazama kwa jicho lile la "umenileta kanisani". Nikamweleza habari ya mwadhini. Akatoa tasbihi yake, ile ya punje 33, akasema kila njia atatia punje moja, asitazame namba za ukutani kwa sababu zinamtisha. Tukaanza. Mtelemko ni wa kweli, goti halipindi sana, na kila pembeni kuna dirisha lenye kibaraza cha kupumzikia. Kwenye la kumi na mbili hivi alikaa na mama wa Kihispania wa rika lake, hawajui lugha ya mwenzake, wakaoneshana magoti. Wakacheka wote wawili.

Watoto wa skuli walitupita wanakimbia, wakarudi wanashuka, sisi bado tunapanda. Punje zikaisha. Bimkubwa akasimama akasema, "Tumefika." Nikamwambia zimebaki mbili. Akanitazama, akaitazama tasbihi, akasema yule mwadhini alikuwa na punda, asimfanye mtu akaamini ana nguvu. Lakini kazipanda. Na zile ngazi 17 kazipanda kwa mkono wangu na wa yule mama wa Kihispania, mmoja kila upande.

Juu alizunguka pande zote nne polepole. Akauliza kibla kiko wapi, nikakitafuta kwenye simu, akasimama kidogo upande huo. Kisha kengele zikapiga juu ya vichwa vyetu, ghafla, akaruka kama msichana.

Kushuka tulitumia robo saa tu, kajishika ukutani alivyosema @Nesi wa Zamu. Usiku tumekanda magoti kwa mafuta ya mnazi. Sasa anataka kwenda Marrakech kumuona huyo dada mtu, Kutubia. Nimemwambia ule hawapandishi watalii. Akasema, "Bora. Nitautazama nikiwa nimekaa."